Tinti (rangi ya mdomo) ya Kikorea: Rom&nd ya kung'aa au Peripera ya kukauka? Naomba ushauri kabla ya Alhamisi

Asali_Mbichi
Habari za jioni wapendwa. Nina rafiki anasoma Seoul, Alhamisi anapanda ndege kuja Dar kupitia Addis Ababa. Mizigo yake imejaa, ila kwenye mkoba wa mkononi pana nafasi ya vitu viwili vidogo vya kwangu. Anataka nimwambie mapema apitie Olive Young, duka la vipodozi la huko, kabla hajaondoka.

Tangu Januari, kila usiku nikishalaza watoto, nawaangalia Pony na Risabae, wale wapambaji wa Kikorea wa YouTube, wanavyopaka midomo. Lugha siielewi, natazama mikono tu. Ule mdomo ulioiva katikati, rangi ikafifia kuelekea pembeni kama mtu aliyetoka kula zambarau, naupenda mno.

Nimebakiwa na hizi: Rom&nd Juicy Lasting Tint inayong'aa, Peripera Ink Velvet inayokauka kama mahameli, na Laneige Lip Sleeping Mask ya kikopo, ambayo unapaka unalala nayo. Vitu viwili tu. Waliozitumia waniambie.

FundiSura
Mdogo wangu, umeuliza kama mtu anayeingia duka la dawa akasema "naumwa, nipe kidonge". Ngozi yako ya rangi gani? Midomo yako ikoje kabla hujapaka kitu? Inakauka na kubanduka? Unaipaka kwenda wapi? Namba ya rangi hujataja, na Rom&nd hiyo moja ina namba zaidi ya ishirini. Usipojibu, kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

WaridiLaMvita
Peripera, mamangu, wala usihangaike. Niko Mombasa, joto unalijua. Napaka asubuhi, nakula mahamri na mbaazi, naenda zangu kazini, adhuhuri rangi iko. Chukua Peripera mbili, namba tofauti, ile ya kikopo mwachie Mkorea.

MtotoWaSinza
@WaridiLaMvita mbaazi za nazi na tinti ya mahameli hazipatani, dada. Mafuta yanaiyeyusha. Unachokiona adhuhuri ni doa lililobaki. Si vibaya, ila tusimdanganye mwenzetu kwamba ule umahameli bado upo.

WaridiLaMvita
Doa au si doa, mdomo mwekundu ni mwekundu. Sijawahi kubeba kioo kazini.

Asali_Mbichi
Asanteni. Mimi ni maji ya kunde. Naitaka hasa kwa sendofu ya mdogo wangu mwisho wa mwezi, halafu niendelee nayo ofisini. Namba za Rom&nd nilizoziona sana ni 06 Figfig na 13 Eat Dotori. Rafiki yangu anasema dotori ni tunda la mti wa mwaloni, ni kahawia yenye wekundu.

FundiSura
Umejibu maswali mawili kati ya manne, na mdomo wenyewe hujausema. Nitaeleza hivyo hivyo, wengine pia wasome.

Tinti ina mambo mawili ndani yake. Kuna rangi inayozama kwenye ngozi ya juu ya mdomo, na kuna utando unaoibeba. Utando wa Rom&nd Juicy ni wa kung'aa, kikombe cha kwanza cha chai unaondoka nacho, linabaki doa. Na doa hilo mara nyingi si rangi uliyoipenda kwenye vidio. Tinti nyingi za kahawia au za machungwa zikishapoteza utando huacha uwaridi. Usishangae ukiingia ukumbini na dotori ukatoka na waridi. Utando wa Peripera Ink Velvet ni mzito, haung'ai, unafunika rangi ya mdomo vizuri zaidi. Ubaya wake, unadaka kila gamba la mdomo mkavu, na kwenye picha ya karibu linaonekana.

Sasa ule mdomo wa zambarau. Wakorea wanaanza kwa kuzima kingo za mdomo kwa fondesheni au konsila, wanadondoshea tinti katikati, wanaitawanya kwa kidole. Kwa mdomo ambao wote ni waridi inapendeza sana. Lakini wengi wetu midomo ina kingo za giza na ndani pana wekundu. Ukipaka fondesheni juu ya giza hilo unapata kijivu, mtu anaonekana ameamka na homa. Nimefanya kosa hilo kwa bibi harusi mwaka wangu wa kwanza wa kazi na bado linaniuma.

Siku hizi sizimi kingo. Mpito wa rangi tumezaliwa nao, giza nje na mwanga ndani. Nachukua penseli ya kahawia iliyokolea, nachora ukingo, nausugua kwa kidole kuelekea ndani mpaka mstari upotee, ndipo tinti iingie katikati peke yake. Inatoka ile ile ya kwenye vidio, na inakaa kwenye uso wetu.

MtotoWaSinza
Hii ya kingo ningeijua miaka mitano iliyopita ningeokoa hela nyingi. Nilikuwa naona kosa liko kwenye mdomo wangu.

Kaka_Ubungo
Samahani dada zangu, naingilia. Mke wangu naye anaangalia hizo vidio kila siku. Kwa dhati nauliza: vitu vimetengenezwa kwa watu weupe wa kule, kwa nini tuagize mbali hivyo? Hazina hata rangi zetu.

MtotoWaSinza
Swali la haki kaka, na zamani lilikuwa kweli. Tazama fondesheni ya Tirtir, ile ya kikebe chekundu. Ilikuwa na rangi chache, zote za watu weupe. Mwaka 2024 dada mmoja Mmarekani mweusi wa YouTube, Miss Darcei, akaonyesha hata ile nyeusi kuliko zote ilivyokuwa nyeupe usoni kwake. Kampuni ikaongeza rangi, akajaribu tena, wakaongeza tena mpaka zikafika 30 mwaka huo huo. Nililia nilipoona inakaa kwenye ngozi kama yangu. Kwenye midomo hakuna shida hiyo, rangi ya tinti iliyokolea inakubali kwa kila mtu. Zinazopotea ni zile za pichi na waridi la maziwa.

Kaka_Ubungo
Nimeelewa, ahsante. Basi na mimi nisome, siku yake ya kuzaliwa inakaribia.

WanjaKali
Kabla ya namba, shukuru kwamba una mtu wa kukununulia dukani kwao. Niwaeleze yaliyonipata. Ni marefu, mnivumilie.

Mwaka jana dada yangu alikuwa na mahafali ya chuo, hapa Nairobi. Nikaona muuzaji mtandaoni, simtaji, picha safi kabisa, ameandika zote ni za kweli kutoka Korea. Bei ilikuwa kama theluthi ya ile niliyoizoea, nikasema ni ofa. Ikaletwa na bodaboda asubuhi ya sherehe yenyewe. Nilipokuja kukikagua kile kisanduku baadaye, maandishi ya Kikorea yalikuwa yamefifia, na namba ya toleo iliyokuwa kwenye kisanduku haikuwepo kwenye kichupa. Siku ile sikukagua. Nilifungua, harufu ikanijia kama rangi ya kucha. Ya kweli inanukia matunda, niliwahi kuinusa kwa rafiki yangu. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Lakini gari lilikuwa nje, mama anapiga honi, nikapaka.

Nusu saa haikuisha mdomo ukaanza kuwasha. Wakati wa kukata keki nilikuwa naongea nimeziba mdomo kwa leso. Usiku ukafura nikashindwa kunywa chai, ikabidi nitumie mrija. Asubuhi daktari wa ngozi aliniuliza kitu kimoja: umepaka nini kipya? Akanipa dawa ya kupaka, akanikataza kila kitu isipokuwa vaselini kwa mwezi mzima. Wiki mbili ngozi inabanduka vipande vipande. Hadi leo pembe ya kushoto nina alama nyeusi ambayo sikuzaliwa nayo. Nilipomwandikia muuzaji akanifungia. Na picha zote za mahafali ya dada yangu, mtoto wa kwanza kwetu kumaliza chuo, mimi nimeinamisha kichwa.

Asali_Mbichi
Pole sana jamani, pole. Nimesoma mpaka mwili umenisisimka.

FundiSura
Pole mwanangu. Wote mnaosoma: kitu kipya cha mdomo kijaribuni siku mbili kabla, kidogo ndani ya kiwiko, kisha kidogo mdomoni. Asubuhi ya sherehe si siku ya kufungua kichupa. Na harufu ikikukataa, usibishane nayo.

Mkunazi
Asalaam aleikum kutoka Muscat. Mie Mzanzibari, nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza kuhusu udhu. Tinti ya utando, kama hiyo Peripera, lazima uitoe kabla ya kutawadha kwa sababu maji hayafiki kwenye ngozi. Doa peke yake ni kama hina, halizuii maji. Mie ndiyo sababu napenda zile za majimaji, Etude Dear Darling au ile Berrisom ya kubandua: unapaka, unangoja ikauke, unaivua kama ganda, linabaki doa tupu. Kutwa nzima naswali bila kuhangaika na pamba.

WaridiLaMvita
@Mkunazi wa aleikum salaam. Hilo la utando nakubali, wallahi sikulifikiria, maana nafuta tu kwa kitambaa. Lakini ukiivua ile ganda si inakuvua na ngozi?

Mkunazi
Kama mdomo mkavu, ndiyo, inauma. Paka mafuta ya nazi usiku, asubuhi ufute yote, ndipo upake. Lakini bibie, mbona tunawasifu Wakorea kama wao ndio walioanza? Huku Oman bibi zetu walisugua midomo na fizi kwa deram, gome la mjozi, ukilisugua linaacha kahawia ya kupendeza siku nzima. Hadi leo linauzwa sokoni Matrah. Na kwetu Unguja kulikuwa na tambuu.

WaridiLaMvita
Eee! Tambuu! Nyanya yangu Mji wa Kale, jani, chokaa, popoo, katu, anatafuna baada ya chakula cha mchana. Midomo ilikuwa myekundu kuanzia ndani, inafifia ikija nje. Huo mdomo wa Seoul hasa! Nimekuwa nikiutazama utoto wangu wote bila kuujua jina.

MtotoWaSinza
Hadithi nzuri, ila tusiwahamasishe watu warudi kwenye popoo. Imeshathibitishwa inaleta saratani ya kinywa, hata bila tumbaku.

WaridiLaMvita
Sikusema mtu atafune. Nimesema nyanya yangu alipendeza, na alipendeza.

MtotoWaSinza
Sina ubishi na bibi, Mungu amrehemu. Nasema tu kwa wasichana wanaosoma.

FundiSura
Turudi kwa Asali. Sare za sendofu ni rangi gani?

Asali_Mbichi
Kitenge cha kijani cha chupa, kina dhahabu. Sikufikiri inahusika.

FundiSura
Inahusika sana! Taa za ukumbini na kijani kile vitaufanya mdomo wa kahawia uonekane mchafu kwenye picha. Dotori iwe ya ofisini. Kwa kijani cha chupa nataka wekundu wa zambarau, na Figfig iko huko. Mpaka hapo namwona Rom&nd anashinda, kama mdomo wako si mweusi sana juu.

Asali_Mbichi
Wa juu mweusi, wa chini una waridi katikati. Nimeona aibu kuandika mwanzo.

MtotoWaSinza
Aibu ya nini mpenzi, nusu ya tuliopo hapa tuko hivyo.

WanjaKali
Basi Figfig itakolea chini na juu haitaonekana. Kwa mdomo wa rangi mbili Peripera inasawazisha. Nasema hivyo hata baada ya yaliyonipata.

FundiSura
Itaonekana akipaka mara mbili, akiacha ya kwanza ikauke. Nimefanya hivyo wiki iliyopita kwa mteja mwenye mdomo kama huo.

WanjaKali
Mikononi mwako, dada. Yeye atakuwa mwenyewe mbele ya kioo, na mdogo wake anamwita.

Mkunazi
Mie nasema moja ya rangi, yoyote, na ya pili Laneige. Ile ya matunda mekundu imenitoa magamba ya kiyoyozi cha ofisini. Bila mdomo laini hizo nyengine zote ni hasara.

WaridiLaMvita
Mafuta ya nazi yako hapo, anunue Laneige ya nini?

Kaka_Ubungo
Dada Asali, rafiki yako hawezi kupata nafasi ya kichupa kimoja zaidi? Nitalipa na nauli ya kukifuata Mbezi au popote.

Asali_Mbichi
Nitamuuliza kaka, ingawa kashasema viwili tu. Nimezungumza naye sasa hivi, anapita dukani kesho jioni kwa saa zao. Sasa niko kati ya Figfig na Peripera, au Figfig na Laneige. Jana usiku nilikuwa na uhakika, leo sina.

MtotoWaSinza
Mwambie aipake mkononi akupigie vidio ya simu, karibu na dirisha, si chini ya taa za duka. Na akiona mafuta ya jua yasiyoacha weupe kwenye ngozi nyeusi, hebu anitajie jina tu.

WanjaKali
Mafuta ya jua fungua uzi wake, hata mimi nayatafuta.

FundiSura
Asali, swali langu la tatu la juzi bado liko pale. Mdomo wako unabanduka au haubanduki?