Tupeane uzoefu: ukame ulipokukuta, uliuza mifugo au ulisubiri mvua?

Mtoa mada, Longido
Wakuu, naanza mwenyewe. Mwaka 2009 boma la baba lilikuwa na ng'ombe 84. Mwezi wa saba nikamwambia, mzee, tupeleke 30 mnadani, nyasi zimeisha. Akanijibu, "Ng'ombe anauzwa kwa shida, hauzwi kwa woga." Mwezi wa tisa ng'ombe wakaanza kulala wasiamke. Kazi ya kila asubuhi ikawa kunyanyua: wawili mmeshika mkia, mmoja anasukuma bega. Leo kasimama, kesho yuko chini tena. Dume niliyekataa kumtoa kwa laki nne, mchuuzi akamtazama mbavu akasema elfu thelathini.

Na hili watu wa mjini hawalijui: mvua ya kwanza ndiyo iliyomaliza waliobaki. Mnyama aliyekonda hana mafuta ya kumkinga na baridi. Usiku mmoja ilinyesha, asubuhi tukakuta 11 wamekufa. Tulibaki na 19. Mzee alikaa chini ya mgunga mpaka jioni, hakuna aliyemsogelea.

Leteni yenu. Kama ulichelewa kuuza, nini kilikuchelewesha?

Mfugaji wa Kajiado
Hiyo ya mvua ya kwanza ni kweli tupu. Huku kwetu mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Mimi nilijifanya mjanja: badala ya kupunguza, nikanunua nyasi. Kila wiki bei ya robota ilipanda. Nikauza watano ili nilishe kumi, halafu hao kumi wakafa na nyasi bado mdomoni. Pesa ile ingekuwa karo ya watoto miaka miwili. Kilichonichelewesha? Jirani alikuwa hajauza.

Binti Shinyanga
Usukumani tuna ngitili. Mvua zikianza unafunga kipande cha malisho, hakiguswi mpaka kiangazi kikolee, nyasi zinakaukia palepale. Mkoa wetu ulikuwa umebaki kipara, miti mingine ilifyekwa enzi za kupambana na mbung'o. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ndio uliowakumbusha watu ngitili zao. Ya baba ilituvusha mara nyingi. Alipofariki tukagawana, na kaka zangu wamelima alizeti. Sasa nanunua mashudu kama watu wengine.

Mtoa mada
Pole dada. Kwetu inaitwa alalili. Ipo, ila jirani akiingiza ng'ombe usiku utamfanyaje, na ni shemeji yako?

Wa Marsabit
Nilikata bima ya mifugo, ilianza kwetu 2010. Satelaiti inaangalia ukijani wa malisho kutoka juu. Ukishuka kupita kiwango mnalipwa, awe amekufa ng'ombe au hajafa. Mwaka mmoja wangu waliuawa na ugonjwa, majani yapo tele. Sikupata hata ndururu. Niligombana na wakala nusura tushikane mashati, kumbe nilikuwa nimelipia nyasi, si ng'ombe. Siku hizi nafuga ngamia. Anakula majani ya miti, anapita wiki bila maji. Shida yake ni mimba ya miezi kama 13, kwa hiyo ukipoteza majike, kuanza upya ni safari.

Kijana wa Dar
Samahani wazee, si ng'ombe haohao wanaojamba ndio wanaharibu hali ya hewa?

Afisa mifugo mstaafu
Kijana, sehemu kubwa ya hiyo methani inatoka mdomoni, ng'ombe anapobeua. Na ni kweli inapasha dunia joto, tusibishe. Lakini piga hesabu: ng'ombe kumi wa lita moja moja ya maziwa kwa siku wanatoa gesi nyingi kuliko mmoja aliyeshiba wa lita kumi. Nimesema hayo kwenye mikutano ya vijiji miaka mingi, watu wanapiga makofi, kisha wanarudi nyumbani kuhesabu vichwa. Siwalaumu sana. Huyo wa lita kumi anataka josho, maji karibu na majani mwaka mzima. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikimpiga, umebaki mikono mitupu. Wa asili kumi, angalau wawili watapona.

Wa Marsabit
Hapo umenena, mzee.

Mfugaji wa Kajiado
Mtoa mada, hujasema. Mwaka huu wewe umeuza?

Mtoa mada
Nimeshapeleka wanane, wakiwa bado wanang'aa, na bei ilikuwa nzuri. Mzee anajua wawili tu.