Watatu jukwaani, asili na utunzi wao vimechanganywa: je, wana wajibu wa kutuambia kipi ni kipi?

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili bila jazba.

Kundi la watu watatu linapanda jukwaani. Wanaanza na wimbo wa asili, katikati wanapachika beti mbili walizotunga wenyewe, kisha wanaingia kwenye wimbo wao mpya bila kusimamisha mdundo. Shoo ikiisha umefurahi kweli, lakini ukiulizwa kipi kilikuwa cha wazee na kipi cha hao watatu, huna jibu. Mimi nasema wana wajibu wa kutuambia, tena pale pale jukwaani, wasingoje kuandika kwenye albamu.

Sababu yangu kubwa ni kwamba neno "asili" limewahi kuficha watu wenye majina. Mnamkumbuka Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939? Wimbo ulipofika Marekani, kundi la huko liitwalo The Weavers waliuimba wakidhani ni wa jadi, hauna mtunzi. Ukasambaa dunia nzima. Linda alifariki 1962 akiwa fukara, na familia yake ilikuja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Miaka arobaini na minne baada ya kumzika! Hilo linaniuma kila ninaposikia mtu akisema "aah, ni wimbo wa asili tu".

Chukueni na The Kingston Trio wa Marekani, watatu kama hao tunaowazungumzia. Mwaka 1958 walivuma na "Tom Dooley", wimbo wa mauaji yaliyotokea North Carolina mwaka 1866. Wimbo ule ulikuwa na njia yake: Frank Proffitt, mtu wa milimani, aliupata nyumbani kwao, na mwaka 1938 akamwimbia mkusanyaji wa nyimbo. Hakuutunga yeye, nakubali. Lakini ni yeye na watu wake walioutunza hadi ukawafikia wengine, halafu akaja kuwaona wageni wakiuimba kwenye televisheni.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wanasema nyimbo za asili hazijawahi kukaa tuli. Kila mwimbishaji aliongeza ubeti wake, na hakuna aliyesimama kutangaza. Ni kweli. Tofauti ni kwamba wale waliosikiliza zamani walikuwa wanaujua wimbo. Ubeti mgeni waliutambua papo hapo, wakaupokea au wakaukataa. Leo wengi ukumbini wanausikia kwa mara ya kwanza, na watakachosikia usiku ule ndicho watakachokiita asili.

Tena watatu wanaubadilisha wimbo kuliko wanavyodhani. Wimbo wa kuitikiana ulitungwa kwa mwimbishaji mmoja na umati. Ukiupa sauti tatu zilizopangwa, kiitikio kinalainika, na nafasi ya umati inajazwa na ala. Sipingi hata kidogo. Mara nyingine wimbo uliokuwa unakufa unapata pumzi hapo. Ila huo tayari ni mpangilio wao, na wanastahili sifa yake kama mpangilio, wasichukue sifa ya wimbo mzima.

Wengine wanasema maelezo yanavunja mtiririko. Jamani, sekunde kumi! "Huu tulifundishwa na fulani, ubeti wa tatu ni wetu." Yasemwe wakati gitaa linatyuniwa. Kwa nilivyoona, watu huitikia kwa nguvu zaidi wakishajua wimbo umetoka kwa nani.

Pale ninapokwama mwenyewe ni kwenye nyimbo za jando au za maombolezo. Mwenye wimbo akikuruhusu uuimbe lakini hataki utaje ukoo wake hadharani, unasema nini jukwaani? Mnaopiga muziki huu laivu, hebu semeni mnafanyaje.