Pete "18" ya nani? Nafungua uzi kwa hasira ya uzi

Wakuu, nina siku tisa kwenye ndoa na tayari nina kesi. Si kesi na mume, mume ni mzima na Mungu amtunze. Kesi yangu ni na hawa wanaouza pete hapa Kampala, wanajiita masonara na kupima kidole hawajui. Mods, tafadhali msiuhamishie jukwaa la mapenzi uzi huu. Haya ni malalamiko ya mteja.

Wiki tano kabla ya harusi tuliingia duka moja katikati ya jiji. Duka la vioo, taa nyeupe mpaka macho yanauma, na kijana mwenye suti iliyopigwa pasi kuliko hata ya bwana harusi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mvua ndiyo kwanza imekatika, na mimi nimeshuka kwenye boda vidole vimesinyaa kama vya mtu aliyeshinda anaosha samaki. Nikaomba pete pana ya fedha ya 925 (yaani fedha halisi asilimia 92.5), upana milimita 6. Kijana akasema, "Hakuna shida nnyabo, tukupime." Nikangoja atoe kifaa. Akavuta droo, akatoa kibiringi cha uzi mweusi. Uzi wa kushonea! Ule ambao shangazi yangu anarudishia vifungo.

Akauzungusha shinani mwa kidole, akauvuta mpaka nyama ikajigawa juu na chini, akaukata kwa meno (naapa), akaulaza juu ya rula ya plastiki ya mtoto wa shule. Uzi unajikunja. Anaunyoosha kwa ukucha, unajikunja tena. "Hamsini na nne," akatangaza, kama daktari anayesoma presha. Akachagua pete kwenye kisanduku, nikaisukuma, ikagoma kwenye kifundo. Nikamwambia inabana. Akasema ya harusi inatakiwa ikae imara, na nisiijaribu sana isije ikachubuka kabla ya siku yenyewe. Mimi mjinga nikanyamaza.

Mwenzangu naye akapimwa kwa uzi uleule, milimita 56 na nusu. Ya kwake haikuwepo dukani, ikabidi iagizwe kwa fundi wao. Kijana akafungua simu, akagawanya kwa 3.14, ikaja 17.99. Akaandika kwenye kitabu cha oda: "Ya bwana, 18." Basi. Hakuandika milimita, hakuandika kama ni kipenyo (upana wa tundu) au mzingo (urefu wa kulizunguka tundu). Kumi na nane tu, kama umri wa mtoto. Tukalipa laki saba kwa zote mbili, nusu siku hiyo kwa simu, nusu siku ya kuchukua.

Siku ya kuchukua alikwenda mwenzangu peke yake, mimi nilikuwa nakimbizana na mtu wa mahema. Akazikuta zimefungwa kwenye kisanduku chekundu chenye utepe. Nani afungue utepe?

Jumamosi, Jinja, saa nane mchana. Wenyeji wa Jinja mnalijua lile jua. Nimesimama tangu asubuhi, nimekula chumvi chumvi za watu, nimecheza kabla hata ya kufika kanisani. Mchungaji anasema mvishe, mume anavisha, pete inafika kwenye kifundo na kusimama. Anasukuma. Anazungusha. Kwaya wanaanza kucheka kwa chini. Msimamizi wangu, Mungu ambariki, akachomoa kikopo cha mafuta ya mgando kwenye pochi, akanipaka mbele ya kusanyiko zima kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ikapita. Picha zipo, uso wangu humo usiulize.

Saa nne usiku kidole kilikuwa kimevimba kama gonja, ile ndizi ya kuchoma. Sabuni, haitoki. Barafu ya kwenye ndoo ya soda, haitoki. Nikaanza kulia. Shangazi akasema tulia, inua mkono juu ya kichwa dakika kumi, halafu akaomba, hamtaamini, uzi. Akapenyeza ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani, huo uliobaki akauzungusha kidoleni mzunguko juu ya mzunguko, umebana bila kuacha nafasi, kutoka ukingoni mwa pete mpaka umevuka kifundo. Akapaka sabuni. Kisha akashika ile ncha ya upande wa kiganja na kuanza kuufungua taratibu kuelekea kwenye ukucha, na pete ikawa inaufuata uzi hatua kwa hatua kama ng'ombe anayefuata kamba. Ikatoka. Uzi ulionitia matatani ndio ulionitoa. (Kidole kikishakuwa cha bluu au kimekufa ganzi msihangaike na nyuzi, nendeni hospitali waikate. Pete inalehemika.)

Ya mume yenyewe ilikuwa kinyume. Jumapili ananawa mikono ili ale, anakung'uta maji, pete inaruka na kugonga sinki ting! Bahati kulikuwa na kichujio. Tangu siku hiyo anaivaa juu ya plasta aliyoizungusha kidoleni. Plasta imeshakuwa nyeusi pembeni, na kila akimsalimia mtu anaulizwa amejikata na nini.

Jumanne nikarudi dukani. Nikaeleza kwa adabu kabisa. Yule kijana akanitazama kuanzia chini mpaka juu na kusema, "Labda mwili umeongezeka nnyabo, harusi huwa hivyo." Mwili umeongezeka! Na wa mume je, umepungua? Kwamba mimi nimemla? Akasema pete ya ndoa hairudishwi, kurekebisha ni elfu hamsini kila moja, na oda ya bwana iliandikwa 18 na fundi akatengeneza 18, kitabu hiki hapa, soma.

Hapo ndipo hasira ilipogeuka kuwa utafiti. Kuna mzee mmoja ana kibanda cha kulehemu na kung'arisha, alijifunzia kazi Mombasa, Kiswahili chake kinateleza. Nikamwekea pete mbili mezani, nikamsimulia. Hakusema kitu. Akachukua fimbo ya chuma, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, yenye alama pembeni, akaitia ya mume. Akauliza, "Waliandika ngapi, mwanangu?" Nikasema 18. Akacheka mpaka akavua miwani.

Kumbe hiyo namba haina maana mpaka useme ni ya wapi. Wamarekani wanahesabu namba zao, Waingereza wanatumia herufi, na kuna Wazungu wengine wanaoandika mzingo wa ndani kwa milimita, kwa hiyo 54 kwao ni milimita 54 kweli. Waitaliano wanatoa 40 kwenye huo mzingo, hivyo 18 yao ni milimita 58. Wajapani nao wana 18 yao, na inaangukia kwenye 58 na ushee. Duka liliandika 18 likimaanisha kipenyo cha milimita 18, ambacho mzingo wake ni 56 na nusu. Fundi wao akasoma namba 18 ya kwenye fimbo yake, akatoa pete ya 58 na ushee. Hakuna aliyekosea hesabu! Wote wamepata vema, na mume wangu anavaa plasta.

Mkisema milimita 2 ni kitu gani, sikilizeni. Kutoka saizi moja ya Marekani hadi inayofuata ni kama milimita 2 na nusu za mzingo. Namba 7 yao ni kama 54 na nusu, namba 8 ni 57. Kwa herufi za Uingereza hatua ni ndogo zaidi, milimita 1 na robo: O ni 55, P ni 56 na robo, Q ni 57 na nusu. Sasa mtu anavuta uzi unaorefuka ukivutwa, anausoma kwa ukucha, anasema 54 na kifua mbele. Kukosea milimita moja kwa uzi ni kazi ya kupiga chafya. Muuza nyama wetu mizani yake inakaguliwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, lakini anayetuuzia pete ya laki tatu na nusu anapima kwa meno.

Mzee akachukua pete za kupimia. Zimefungwa kwenye duara la waya kama funguo za mlinzi, kila moja imepigwa namba. Akaniuliza nimekuja kwa miguu? Nikasema ndiyo. Saa ngapi? Kumi jioni. Akasema basi kidole kipo tayari, kwa sababu asubuhi na kwenye baridi kidole hunywea, jioni na kwenye joto huvimba, na mtu asipimwe akiwa ametoka kubeba mizigo au kukimbia. (Binamu yangu alipimwa Kabale alfajiri, ukungu mpaka mlangoni, sasa anaishi Kampala na pete anaitundika kwenye mkufu. Tulidhani ni mitindo.) Akanivisha moja, akasema kunja ngumi. Akanivisha nyingine, akasema kung'uta mkono kama una maji. Inatakiwa iingie kwa kubishana kidogo kwenye kifundo na itoke kwa kubishana zaidi. Isiyobishana itaondoka siku ya sabuni.

Halafu akapima kifundo peke yake na shina peke yake, kitu ambacho yule wa suti hakukifanya. Shina 54 na nusu, kifundo 59. Kwangu pete inatakiwa ianguke katikati. Tena hizi pana, za milimita 6 kwenda juu, zinakalia nyama nyingi zaidi, hivyo huongezwa kama nusu saizi. Nikakumbuka kule dukani walivyonipima na uzi mwembamba kama unywele ili nivae bangili ya kidole.

Najua wajuaji mnakuja: "Ungechapisha chati mtandaoni." Nimechapisha, ndugu yangu. Nilikwenda duka la kuchapa Wandegeya, kijana akabofya ile ya kujaza karatasi, duara zote zikasinyaa. Sikujua mpaka nilipoweka kadi ya benki juu ya mchoro wa kadi uliokuwa pembeni mwa chati, kadi ikazidi. Kadi yoyote ya benki ina urefu wa milimita 85.6, na kitambulisho cha taifa hivyohivyo. Isipolingana, tupa karatasi, uchapishe tena kwa asilimia 100. Na kama lazima upime nyumbani, kata ukanda mwembamba wa karatasi, achana na uzi. Zungusha jioni, weka alama kwa kalamu yenye ncha, rudia siku tatu. Zikitofautiana, usichukue ndogo eti utapungua.

Kundi lingine ni wauzaji wa mtandaoni. Mmoja nilimuuliza atapimaje, akajibu, "Nitumie picha ya mkono nnyabo." Picha! Ndiyo hao hao wanaowauzia vijana pete za tungsten, ile metali ngumu kupindukia, kwa sababu zinang'aa na hazikwaruziki, bila kuwaambia kwamba hizo haziongezwi wala kupunguzwa. Fedha na dhahabu fundi anakata, analehemu, anapitisha tupa, maisha yanaendelea. Tungsten ukikosea saizi umenunua kitu cha kushikia pazia. Na zile zilizozungushiwa vijiwe pande zote, fundi mwenye akili anazikimbia.

Kina kaka mnaotaka kushtukiza, mnaiba pete ya mchumba ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia na kwenda nayo dukani: mkono anaotumia sana mara nyingi una vidole vinene zaidi. Ibeni ya kidole chenyewe, basi.

Ninachotaka kujua kutoka kwenu: kuna aliyewahi kurudishiwa hela ya pete iliyotengenezwa vibaya hapa Uganda, na alianzia wapi? Risiti ninayo, picha ya kitabu cha oda ninayo, hiyo "18" inasomeka vizuri tu.

HARIRI: Asanteni kwa pole. Wanaouliza jina la duka, sitaji, nimeshauriwa ningoje. Zote mbili nimempelekea mzee. Yangu ameikata na kutia kipande, sasa ni 57 na nusu, imepita kwenye kifundo bila mafuta ya mtu. Ya mume kaipunguza mpaka 56 na nusu, plasta imetupwa jalalani leo asubuhi. Elfu arobaini kwa zote mbili.

HARIRI 2: Kuna mtu wa duka fulani kanipigia mchana huu anauliza kwa nini nimemwandika mtandaoni. Jina lake sijalitaja popote, someni tangu juu. Nimemwambia kama amejijua, alete elfu arobaini zangu, na aje na rula.