Siliaki: anameza vidonge vya kuongeza damu lakini HB haipandi

mkalatusi
Habari wadau. Mwanamke wa miaka 34, siliaki imethibitishwa (ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, huharibu utumbo mdogo), huu mwezi wa nne hagusi chapati wala mandazi. Anameza feras salfeti (vidonge vya madini ya chuma) mg 200 kutwa mara tatu, HB (kipimo cha wingi wa damu) imegota g/dL 8.9 na tumbo linamsokota. Aongezewe dozi? Na multivitamini peke yake inatosha?

Mfamasia_Tanga
Apunguze. Kidonge cha mg 200 kina takriban mg 65 za chuma chenyewe. Akishameza, ini hutoa hepsidini, homoni inayoufungia utumbo mlango wa chuma kwa karibu siku nzima. Vidonge vingine viwili vinabaki tumboni kumsokota tu. Kimoja kwa siku kinatosha, au siku moja ameze, nyingine aruke. Ameze kabla ya kula, kwa maji na chungwa. Chai ya maziwa ndiyo mharibifu mkubwa: majani yanakamata chuma, kalisiamu ya maziwa nayo inakizuia. Ikae mbali na kidonge kwa muda wa saa mbili. Choo cheusi kisimtishe. Baada ya wiki nne HB iwe imepanda kama g/dL 2. Ikifika kawaida, aendelee miezi mitatu kujaza akiba.

dada_lishe
Sawa, ila chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mdogo, na hapo ndipo siliaki inapoharibu zaidi. Gluteni ikiendelea kuingia, dozi yoyote ni bure. Anakunywa uji gani? Unga wa lishe wa mchanganyiko mara nyingi una ngano. Hata muhogo, ukisagwa kwenye mashine inayosaga ngano, umeshachafuka.

Multivitamini haitoshi kama kuna upungufu wa kweli. Apimwe feritini (akiba ya chuma mwilini), vitamini B12, foleti, vitamini D na zinki. Asipewe asidi ya foliki (foleti ya vidonge) kabla B12 haijajulikana: damu itaonekana kupona huku neva zikiharibika kimyakimya. Kalisiamu isizidi mg 500 kwa mkupuo, tena mbali na chuma.

Mfamasia_Tanga
Na asome kikaratasi cha dawa. Wanga wa mahindi hauna neno. Wa ngano, airudishe.

mkalatusi
Uji ni wa lishe, kila asubuhi. Na kidonge anakimeza pamoja na huo uji.

dada_lishe
Ahamie ulezi mtupu, auchambue na kuusagisha kwenye mashine isiyogusa ngano. HB ikigoma bado, tazameni safura (minyoo wanaonyonya damu utumboni) na wingi wa hedhi, kisha daktari aamue kuhusu chuma cha dripu.