Weusi wawili ghorofa nzima, na bado ananikwepa

Mgeni_wa_Ghorofa: Wakuu, niko Marekani, kampuni ya bima, Chicago. Ghorofa yetu watu kama tisini, weusi wawili: mimi na dada mmoja Mmarekani mweusi, mkongwe hapa. Siku ya kwanza kwenye lifti alinitikisia kichwa kidogo, nikajua nimepata ndugu. Kumbe! Mikutanoni ananipita kama kiti. Jana alikuwa anapasha chakula, nikasogea tupige soga. Akachomoa bakuli kabla mashine haijalia, akaondoka nalo likiwa baridi. Nimemkosea nini?

Bi_Mahesabu: Hujamkosea. Weusi wawili wakisimama pamoja dakika tano, lazima apite mtu aulize kwa kicheko, "Mnapanga nini?" Wazungu sita meza moja, hao wanakula tu.

Shangazi_wa_Texas: Mdogo wangu, mimi nilikuwa huyo dada. Bosi aliniita kwa jina la mwenzangu mweusi miaka miwili, na hatufanani hata kwa dawa. Nikaanza kumkwepa yeye badala ya kumsahihisha bosi, ujinga wangu huo. Mwenzangu ndiye aliyekuja kuniandikia mshahara wake kwenye kikaratasi cha njano, nikaona nilivyopunjwa. Na usiogope kuongelea mishahara: sheria ya kazi ya 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi, ila si mameneja. Mtafute nje ya jengo.

Mgeni_wa_Ghorofa: Nimemwandikia. Kajibu: "Ijumaa, kahawa. Vua beji."