Kipato cha dereva wa treni: mshahara ni upi na posho ni ipi?

Mjomba wa Kilosa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mpwa wangu amehitimu stashahada ya ufundi mitambo mwaka huu, na tangu treni ya mchongoko, ile ya umeme ya reli mpya, ianze kupita Morogoro amekuwa hazungumzi jambo lingine isipokuwa kuwa dereva wa treni. Mama yake amenikabidhi suala hili nimshauri, nami nimejaribu kuuliza huku na kule kuhusu kipato, lakini kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Kinyozi wangu anasema madereva wa reli mpya wanachukua mamilioni kila mwezi, ilhali jirani yangu ambaye kaka yake aliendesha treni za mizigo miaka mingi anasema mshahara wao haukuwa mbali na wa mwalimu, ila walikuwa "wanaishi kwa posho."

Sitafuti siri za ofisi ya mtu. Ninachotaka kuelewa ni mambo gani yanayofanya dereva mmoja apate zaidi ya mwenzake, na ni swali gani kijana anapaswa kuuliza kabla ya kusaini mkataba. Ana nafasi nyingine ya ufundi kwenye mgodi huko Kanda ya Ziwa, kwa hiyo uamuzi wenyewe si wa mchezo.

---

Mstaafu wa Tabora amejibu:

Ndugu yangu, kinyozi wako na jirani yako wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja ametazama sehemu yake ya kipato. Nimeendesha treni kwa zaidi ya miaka 30 katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Mwajiri wangu sitamtaja, maana nilipokea haki yangu na sina ugomvi naye.

Kwanza, hakuna anayeingia moja kwa moja kwenye usukani, kama neno usukani linafaa kwa chombo kisichokatwa kona na dereva. Unaanza ukiwa msaidizi, unapelekwa kwenye shanti kupanga mabehewa uwanjani, baadaye unapewa treni za mizigo, na abiria wanakuja mwishoni wakubwa wakishakuamini. Kila hatua ina ngazi yake ya mshahara, na kupanda kunategemea mitihani, miaka ya kazi na nafasi kuwa wazi. Tena unapewa kuendesha njia unayoifahamu tu. Mtu aliyezoea tambarare ya Ruvu hapewi mizigo mizito aipandishe mwinuko wa Saranda kabla hajaisoma njia ile akiwa pembeni ya mwenzake, akajua mahali pa kuongeza nguvu na mahali pa kuanza kushika breki. Kwa hiyo dereva anayejua njia nyingi hupangiwa safari nyingi, na safari nyingi ndizo zilizokuwa zikitupa posho.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Enzi zetu mshahara wa msingi ulikuwa kama tuta la reli, yaani uko pale pale mwezi mzima, na kilichotutofautisha ni posho ya kulala nje ya kituo, saa za ziada na malipo ya usiku. Nakumbuka tarishi akija kugonga dirisha saa nane za usiku na daftari la zamu mkononi. Unatia saini kwa mwanga wa tochi, mke wangu ananipa kisanduku cha bati chenye unga, dagaa na sufuria ndogo, na sijui kama narudi kesho au keshokutwa. Njia ikiwa moja, treni inasubiri stesheni ya kupishana hata saa tatu, na saa hizo zinahesabika kwa sababu huwezi kuacha kichwa cha treni ukaenda zako. Wapo wenzangu ambao kwa miezi fulani posho zao zilikaribia kulingana na mshahara wenyewe.

Lakini posho ina miguu. Mvua zikikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, jambo ambalo wewe wa Kilosa hulihitaji kuhadithiwa, treni zinasimama, dereva anakaa nyumbani, na mwezi huo anapokea mshahara wa msingi peke yake. Mimi mwenyewe nilionja jambo zito zaidi. Nikiwa na miaka 51, kipimo cha macho cha kawaida kilionyesha kwamba jicho la kushoto limepungua uwezo, nikaondolewa njiani na kupangiwa kazi ya karakana. Sikulaumu mtu, dereva asiyeona ishara vizuri hafai kubeba watu mia kadhaa. Ngazi yangu haikushushwa hata kidogo, lakini kipato kilichoingia nyumbani kilipungua karibu nusu tangu mwezi uliofuata, nami nilikuwa na watoto wawili sekondari.

Basi mwambie mpwa wako asiulize tu kwamba dereva anapata kiasi gani. Aulize mshahara wa msingi ni kiasi gani, na siku asiposafiri atapokea nini.

---

Mhasibu Dodoma amejibu:

Shikamoo mzee. Umesema jambo ambalo sisi wa mishahara tunalirudia kila siku bila kusikilizwa. Naomba niliongezee hesabu, kwa sababu vijana wengi wanaona namba ya juu kwenye barua ya ajira na kusahau makato.

Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Namba hii nimeichagua kwa ajili ya mfano, si ngazi ya dereva yeyote. Mtumishi wa umma anachangia mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, yaani 45,000, na bima ya afya ya NHIF asilimia 3, yaani 27,000. Kodi ya mapato inatozwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni, kwa hiyo inakokotolewa kwenye 855,000 na inakuwa 91,750. Kama kijana alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa, nayo ni 135,000. Jumla ya makato ni 298,750, na kinachobaki ni 601,250 kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi na kabla hajakopa popote.

Sasa tuongeze kazi ya ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kazi ya kawaida, na saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Kwa mshahara huo, saa moja ya kawaida ni kama shilingi 4,615 na ya ziada ni kama 6,920. Sheria pia inaweka kikomo cha saa 50 za ziada katika kila wiki nne, hivyo hata mchapakazi wa namna gani hawezi kupita takriban 346,000, na kiasi hicho nacho kinatozwa kodi. Malipo ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya ujira wa saa. Ukipiga hesabu, zamu ya usiku yenye urefu wa saa nane inakuongezea kama shilingi 1,850, fedha isiyotosha sahani ya wali na maharage ya maana. Hicho ni kima cha chini cha sheria. Kinachoweza kukipandisha ni mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kwa hiyo kijana auombe mkataba huo na ausome wote, hasa vipengele vya posho ya kujikimu na ya mazingira magumu.

Jambo la mwisho ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, ambacho najua kinawachosha watu. Mchango wa PSSSF unakatwa kwenye mshahara, haukatwi kwenye posho za safari. Dereva aliyeishi miaka 30 kwa posho anastaafu kwa mshahara wa msingi, na ndiyo maana tunawaona watu waliokuwa na maisha mazuri kazini wakishangaa siku wanapopokea hesabu ya kiinua mgongo.

---

Mtanzania wa Leeds amejibu:

Naomba nitoe mfano wa huku Uingereza, siyo kwa ajili ya kubadilisha pauni kuwa shilingi, maana hesabu hiyo haimsaidii mtu, bali kwa kuwa huku jambo alilolieleza mzee lilichukua sura nyingine kabisa.

Dereva wa treni za abiria hapa anapata mshahara wa msingi ambao kwa wastani ulikuwa karibu pauni 60,000 kwa mwaka, na baada ya makubaliano ya Septemba 2024 ukasogea karibu na 69,000. Makubaliano hayo yalihitimisha migomo ya zaidi ya miaka miwili iliyoongozwa na ASLEF, chama cha madereva kilichoanzishwa mwaka 1880, na yalitoa nyongeza ya asilimia 5, kisha 4.75, kisha 4.5 kwa miaka mitatu iliyofuatana. Wengi wanafanya kazi siku nne kwa wiki, jumla ya saa 35 hivi. Wanaolipwa vile si mashujaa kuliko madereva wetu, na treni zao nyingi zinakwenda polepole kuliko mchongoko.

Sababu moja ni chama kinachojumuisha karibu madereva wote, ambacho kikisema hapana nchi inasimama. Sababu nyingine, ambayo watu wengi hawaifikirii, ni kwamba reli ilipobinafsishwa miaka ya 1990 yalizuka makampuni mengi yanayohitaji watu wale wale. Kumfundisha dereva mpya kunachukua mwaka au zaidi, hivyo kampuni iliona ni rahisi kumvuta dereva wa jirani kwa mshahara mzuri kuliko kusubiri wanafunzi. Mishahara ikapandishana yenyewe. Tangu Mei 2025 serikali imekuwa ikiyarudisha makampuni yaliyobaki mikononi mwake moja baada ya jingine, na nina hamu ya kuona nguvu hiyo itabaki wapi mwajiri akiwa mmoja.

Kwetu mwajiri wa reli ni mmoja au wawili tu. Dereva asiporidhika na reli hawezi kuvuka barabara akaomba kazi kwa mshindani, na ujuzi wake hautumiki kwenye lori wala basi. Kwa maoni yangu hilo linashusha kipato kuliko hata umaskini wa nchi.

---

Mjomba wa Kilosa ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na mzee shikamoo. Limebaki jambo moja. Je, reli ya umeme haibadilishi mambo haya? Mpwa wangu anadai kwamba mzee anazungumzia reli ya zamani.

---

Mstaafu wa Tabora amejibu:

Marahaba. Mpwa wako ana haki ya kuuliza, na jibu ni kwamba inabadilisha sana, ila pengine si kwa namna anayoidhani.

Ujuzi umeongezeka thamani. Sisi tulitazama mikono ya ishara na taa za kando ya njia. Wao wanasoma kioo mbele yao, mfumo unawaambia mwendo unaoruhusiwa, na wakiukiuka unafunga breki wenyewe. Mwendo wa kilomita 160 kwa saa haumpi dereva nafasi ya kusahihisha kosa, kwa hiyo mafunzo ni marefu na mwajiri ana sababu ya kumlipa aliyefuzu ili asimpoteze.

Kwa upande mwingine, tazama muda. Kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma sisi tulikuwa tunaula usiku mzima, tunabadilishana timu njiani, na kila aliyelala ugenini alikuwa na posho yake. Leo safari hiyo ni chini ya saa nne. Dereva anaweza kwenda na kurudi siku moja, akala chakula cha jioni na watoto wake. Hiyo ni neema, lakini posho ya kulala nje inatoweka palepale. Kadiri treni inavyokwenda kasi ndivyo mshahara wa msingi unavyolazimika kubeba mzigo ambao zamani ulibebwa na posho, na kama haukupandishwa kwa kiasi hicho, dereva wa treni ya kasi anaweza kujikuta na fedha kidogo kuliko mwenzake wa mizigo anayelala Tabora mara mbili kwa wiki. Swali langu la mwanzo linakuwa na uzito zaidi huko kwenye umeme.

---

Mhasibu Dodoma amejibu:

Naunga mkono. Ofa ya mgodi nayo aipime kwa kipimo hicho hicho. Huko sekta binafsi kuna mfuko wa pensheni wa NSSF, ambako mchango unahesabiwa kwenye ujira wote na si mshahara wa msingi peke yake, hivyo namba mbili zinazofanana kwenye barua zinaweza kuzaa pensheni tofauti kabisa. Kwa upande wa reli kuna usalama wa ajira, ambao mgodi wenye mkataba wa miaka miwili hauwezi kuutoa.

---

Mjomba wa Kilosa ameandika tena:

Nimemsomea yote haya kwa simu. Amesema bado anataka reli, ila sasa ameanza kuulizia mkataba wa hali bora badala ya picha za mchongoko. Anakwenda Tabora kuulizia nafasi Chuo cha Reli. Mzee, kuna la kumtahadharisha kabla hajalipa ada?

---

Mstaafu wa Tabora amejibu:

Akapime macho kwanza, na asiridhike na ubao wa herufi pekee. Aombe kipimo cha rangi, kile cha kitabu chenye vitone vingi vya rangi ambamo namba imefichwa katikati. Wapo vijana hodari wa mitambo ambao wameishi miaka 20 bila kujua kwamba nyekundu na kijani kwao vinafanana. Akiziona namba zote, aje kwangu Tabora; nyumba ipo, na kile kisanduku cha bati bado ninacho.