Jina Shaaban: je, mtoto lazima awe amezaliwa mwezi wa Shaabani?

MamaKichanga_Makorora

Asalaam alaykum wakuu, na habari za jioni kwa wengine. Mie nipo Tanga, Makorora, nimejifungua mtoto wa kiume na tumetoka salama, Alhamdulillah. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtu, mniwie radhi herufi zikiruka.

Tatizo ni jina. Mume wangu alishajiamulia zamani: Rayan. Mie sikuwa na neno, jina fupi, tamu, ingawa wodini nilimwacha Rayan mwingine kitanda cha jirani. Baba mkwe alipokuja akambeba mtoto, akamwadhinia sikioni, kisha akasema bila kumtazama mtu: "Huyu ni Shaabani." Akamaliza chai yake akaondoka. Shaabani ni marehemu baba yake.

Tangu hapo nyumba haina amani. Mawifi wako upande wa baba yao. Mume wangu mchana hana ubavu wa kumjibu mzee, usiku ananilalamikia mie, kana kwamba jina nimelitoa mie. Anasema ni jina la wazee wa bao, na kwamba maarufu wake ni mmoja tu, yule mwandishi wetu.

Mama yangu naye, yeye wa Pangani na maneno hayamwishi, kaja na lake. Mtoto kazaliwa tarehe 28 Rajabu, sasa Shaabani ya wapi? Aitwe Rajabu au aitwe jina jingine kabisa, lakini kumpa mtoto mwezi usio wake ni kumwongopea.

Naomba wajuzi mnisaidie: asili yake nini, maana yake nini, mwezi ni lazima? Na wako Shaaban wangapi duniani waliofanya la maana? Akika ni siku ya saba. Mbuzi kapatikana, jina bado. Nawasilisha.

Shemeji_wa_Chumbageni

Hongera shem! Mpeni Rayan, akianza darasa la kwanza mwalimu atawapanga Rayan A mpaka Rayan F.

Au kwa kuwa kazaliwa siku moja tu baada ya Miraji, mwiteni Miraji, mzee na mumeo wote wakose. Mie napita.

Karani_Mstaafu

Mwanangu, hongera, Mungu amkuze na wewe akurudishie nguvu. Nipo Ngamiani. Kazi yangu yote ya ujana ilikuwa kuandika majina ya watu kwenye vitabu vya serikali, kwa hiyo hapa umenigusa, nivumilie.

Anza na miezi yenyewe. Waarabu wana majina kumi na mawili. Sisi watu wa pwani tulipoichukua kalenda ile, mingi tuliipa namba: Ramadhani ikiisha tunafungua, unaingia Mfunguo Mosi, halafu Mfunguo Pili, hivyo hivyo mpaka Mfunguo Kenda. Iliyobaki na majina yake ni mitatu tu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Sasa pita mtaa wowote wa Tanga uite majina hayo matatu uone wangapi watageuka. Hujapata kusikia mtoto anaitwa Mfunguo Nane. Mfunguo Sita peke yake ndio uliopenya kwa mlango wa pembeni, kwa sababu ya mazazi ya Mtume, tukapata akina Maulidi. Ukiweka na akina Juma, Hamisi na Iddi, hao ndio ukoo wa Shaabani: watoto wa kalenda. Kwa hiyo asili ya kumpa mtu jina hili ni kweli kuzaliwa katika mwezi huo, na mama yako hajakosea kufikiri hivyo.

Lakini jina likishapata mtu, linaanza kurithiwa. Mjukuu anapewa jina la babu, na mwezi haumuulizi mtu tena. Mfano ni huyo huyo ambaye mumeo kamtupa kando. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kule Machui, njia ya kwenda Pangani, tarehe 1 Januari 1909. Nimeipiga hesabu tarehe hiyo kwa Hijria: inaangukia Mfunguo Tatu mwaka 1326, siku za mwanzo za hija. Shaabani ya mwaka ule ilikwisha mwishoni mwa Septemba 1908. Kwa sheria ya mama yako, mshairi wetu alistahili kuitwa Haji. (Nakiri 1 Januari ndiyo tarehe makarani wenzangu waliyopenda kumpa kila mtu asiye na kumbukumbu. Lakini ndiyo iliyoandikwa, na mie nafuata maandishi.)

Tena mkumbushe mama kwamba huyo Shaaban ni wa kwao kwa kazi. Aliajiriwa forodha mwaka 1926, na miaka mingi ya kalamu yake aliifanya hapo hapo Pangani. Mwaka 1944 akahamia Mpwapwa, idara ya mifugo, kisha akarudi Tanga. Utumishi ule wa mchana, karatasi za bandarini na mihuri, ndio uliolisha mashairi ya usiku; mie kama karani jambo hilo hunipa faraja kuliko nishani zake. Nishani nazo alizipata, MBE ya Waingereza na tuzo ya Margaret Wrong. Alifariki Juni 1962, uhuru hata mwaka haujatimiza. Ukienda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, mtaa unaosimama ni wa jina lake. Kwenye vitabu vya zamani aliandikwa Shaaban bin Robert, na hilo linawajibu wanaouliza kila siku Mwislamu kapata wapi Robert: ni jina la baba.

Maana nawaachia wenye Kiarabu chao.

Ustadhi_Mabawa

Waalaykum salaam. Nimeitwa nimekuja.

Mzizi wake ni *sh-‘-b*, na humo mna kutawanyika, kuchipuka na kugawanyika matawi. Maelezo mashuhuri ni kwamba Rajabu ulikuwa mwezi mtukufu, hakuna kupigana. Ukiisha tu, Waarabu wa kale walitawanyika, wengine kutafuta maji, wengine kwenda vitani. Wako pia wanavyuoni waliosema umeitwa hivyo kwa sababu umechomoza katikati ya Rajabu na Ramadhani. Neno *sha‘b*, yaani taifa au umma, ni la mzizi huo huo.

Kidini hakuna sharti lolote la mtoto kulingana na mwezi wake. Sharti ni jina lisiwe na maana mbaya, na hili halina. Mwezi wenyewe una heshima. Usama bin Zaid alimuuliza Mtume (SAW) mbona anafunga sana Shaabani kuliko miezi mingine, akamjibu kuwa ni mwezi watu wanaoghafilika nao kati ya Rajabu na Ramadhani, na ni mwezi ambao amali hupandishwa kwa Mola. Usiku wa nusu Shaabani misikiti yetu mingi hapa husoma Yasini baada ya magharibi. Ndugu zetu Ithnaasheri wao tarehe 15 husherehekea mazazi ya Imam Mahdi.

Dada, kuna jambo limewapita wote hapa juu. Mtoto ni wa tarehe 28 Rajabu. Hesabu siku ya saba na siku ya kuzaliwa ikiwemo: utaikuta tarehe 4 au 5 ya Shaabani, kufuatana na mwandamo. Yaani mtoto kazaliwa Rajabu, lakini jina atapewa Shaabani. Mpelekee mama hiyo, uone kama atapata la kusema.

MamaKichanga_Makorora

Ustadhi Mungu akulipe. Nimempigia mama, kanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Hesabu rudieni." Kwa mama yangu hiyo ni kukubali.

Mume wangu kasoma yote na hajalainika. Anasema washairi na masheikh amewasikia. Anauliza mpira.

Mwananchi_Damu

Mpira? Mwambie shem aje hapa karibu.

Shabani Nonda. Alipita Yanga miaka ya 1990, kijana mdogo kutoka Bujumbura, akaenda Afrika Kusini, Zürich, Rennes, halafu Monaco. Ile Monaco iliyofika fainali ya Ligi ya Mabingwa 2004 Nonda alikuwemo, na fainali aliingia. Baadaye Roma, Blackburn, Galatasaray. Timu ya taifa akachezea Kongo. Mchezaji aliyevaa jezi yetu akacheza fainali ile, halafu mtu aseme ni jina la wazee wa bao! Mumeo Simba nini?

Karani_Mstaafu

Nimemtafuta na huyo. Kazaliwa 6 Machi 1977, ambayo ni katikati ya Mfunguo Sita, siku chache baada ya Maulidi. Naye pia si wa mwezi wake. Naona nitaanza daftari.

Mzigo_Istanbul

Mie natoka Bagamoyo, biashara yangu nguo, nachukua mzigo Uturuki. Kule wanaandika Şaban na majina haya yapo mengi kwa watu wazima. Lakini niseme ukweli, vijana wao hawalitaki, na sababu ni sinema. Mwigizaji wao mkubwa wa vichekesho, Kemal Sunal, aliigiza filamu nyingi kwa jina la Şaban, mtu mshamba, mwenye moyo mweupe, anayejikwaa kila hatua. Watu wakampenda mno, na jina likageuka la utani, mtu akizubaa anaambiwa "şaban". Muuza duka niliyemzoea anaitwa hivyo, anacheka mwenyewe kabla hujamcheka.

Waturuki walipotawala Balkani wakaliacha na huko. Serbia kuna Šaban Bajramović, mwimbaji wa jamii ya Waroma (si wa Roma ya Italia) kutoka Niš, alifariki 2008, na Šaban Šaulić aliyefariki kwa ajali ya gari Ujerumani 2019. Hao kwao ni wakubwa hasa. Misri alikuwepo Shaaban Abdel Rahim, kabla ya muziki alikuwa mpiga pasi nguo za watu, akafariki Desemba 2019. Huyo alivaa mashati ambayo mie mwenye biashara ya nguo nisingethubutu kuyaleta Kariakoo.

Ustadhi_Mabawa

Kwa kuwa umetaja Misri: mwongezeni Sultani al-Ashraf Shaaban wa Wamamluki. Alikalishwa kwenye kiti 1363 akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, akauawa 1377. Ndiye aliyeamuru mwaka 773 Hijria masharifu, yaani watu wa ukoo wa Mtume, waweke alama ya kijani kwenye vilemba vyao ili wajulikane. Mama yake ana madrasa Cairo mpaka leo, inaitwa ya Mama wa Sultani Shaaban. Mama huyo kajulikana kwa jina la mwanawe, kama wewe utakavyoitwa Mama Shaabani.

BintiDunda

Hongera dada, nami natoka Bagamoyo. Nimekuja kuwatetea akina Shaabani wa kweli, wa mwezi wao, maana naona Karani anawafuta mmoja mmoja.

Kaka yangu alizaliwa siku ya vunja jungu. Kwa wasiojua, siku za mwisho za Shaabani watu wa pwani hula kwa kuiaga midomo: pilau, kuku, mishikaki, wengine wanatoka na masufuria yao kwenda ufukweni, maana keshokutwa ni mfungo. Mama uchungu ulimshika wali uko motoni na yeye ndiye mpishi. Mpaka leo shangazi zangu hawakumbuki mtoto alilia saa ngapi, wanakumbuka ukoko. Jina hata halikujadiliwa, Shaabani, basi. Tunamwita Shebi, anaendesha bodaboda na kofia yake imeandikwa SHEBI kwa rangi ya njano. Ni kijana tu, bao hajui hata kuhesabu kete. Mwambie mumeo Rayan wake hana kifupi, Shebi kipo tayari.

MamaKichanga_Makorora

Shebi ndiyo iliyofanya kazi wakuu. Nonda alimfungua masikio, Shebi ikammaliza. Nimemsikia asubuhi anamwimbia mtoto "Shebi Shebi", aliponiona akajifanya anatafuta soksi.

Bado mawili. Moja, tuandikeje kwenye cheti? Wifi mmoja anasema Shabani, mwingine Shaaban. La pili linanitia aibu kidogo: hili ni jina la babu wa mume wangu. Mie mkwe, mtoto akija kuvunja glasi nitamkemea vipi kwa jina la mkubwa yule mbele ya mzee?

Karani_Mstaafu

La kwanza ni langu. Chagua moja, liwe lile lile kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, shule, NIDA na pasipoti. Usiruhusu karani akuandikie kwa kusikia. Nimeona mtu mzima ana Shabani kwenye cheti cha darasa la saba, Shaban kidato cha nne na Shaaban kazini, akafuata mafao yake akaambiwa alete uthibitisho kuwa hao watatu ni mtu mmoja. Alikwenda kula kiapo kwa wakili, na nauli ilikuwa yake. Mie ningeandika Shaaban, a mbili, bila i mwishoni. Kwa kinywa iteni Shaabani mtakavyo. Na mwambie mumeo asijaribu kulipenyeza Rayan katikati, maana nafasi ya pili ni ya jina lake yeye.

BintiDunda

La pili: mwite Babu. Kwetu mtoto mwenye jina la babu hakemewi kwa jina, anaambiwa "Babu shuka hapo", "Babu acha hiyo glasi". Kaka yangu mwingine ana jina la babu yetu, kachapwa utoto wake wote akiitwa Babu.

MamaKichanga_Makorora

Kumbe ndiyo maana mawifi tangu juzi wanamwambia "Babu unanyonya sana"! Mie nilidhani wananisema.

Basi ni Shaaban, a mbili. Baba mkwe kaambiwa leo alasiri. Kauliza mbuzi ni dume au jike.

Shemeji_wa_Chumbageni

Na sisi wachangiaji pilau yetu inaliwa Makorora sehemu gani?